Kuskusi ya Ryansoro: chenga za mahindi, karoti na kungumanga ya Waholanzi

UKIPITA jioni kwenye mashine za kusaga za Muyinga mjini, au zile za Gitega, utakuta magunia mawili yamesimama mlangoni. La kwanza lina unga, na hilo lina wenyewe. La pili lina chenga, zile punje nusunusu zinazobaki juu ya chekeche, na hilo mara nyingi huondoka na mtu wa kuku. Wafanyabiashara wanaovuka Kobero kwenda Kabanga na kurudi wanalijua vizuri gunia hilo la pili. Hulinunua kwa bei ya kutupa ili gari lisirudi na nafasi tupu.

Makala haya yanahusu gunia hilo la pili. Nataka kuwaeleza wenzangu tuliorudi kutoka Tanzania, na wale wanaoishi kwa biashara ya mpakani, kwamba chenga hizo zinaweza kuwa kuskusi, chakula ambacho huko kaskazini mwa Afrika huandaliwa wageni wa heshima. Aidha, nitaeleza jinsi tunavyoipika hapa Ryansoro, kwenye vilima vya Gitega, kwa namna ambayo wifi yangu aliibeba kutoka Uholanzi.

Najua wapo watakaocheka. Mrundi na kuskusi wapi na wapi? Lakini tujiulize pia, mahindi yenyewe yalikuja lini? Viazi mviringo je? Hata maharage, ambayo hapa kwetu mtu asiyeyala kwa siku moja huhesabiwa kuwa mgonjwa, asili yake ni Marekani ya Kusini na ya Kati. Chakula hakina cheti cha kuzaliwa.

Kuskusi ni nini?

Kwa wenyewe, yaani Waberberi na Waarabu wa Morocco, Algeria, Tunisia na Mauritania, kuskusi ni vipunje vidogo vinavyotengenezwa kwa ngano ngumu iliyosagwa nusu. Wanawake huketi kuzunguka sinia pana, wakanyunyiza maji yenye chumvi na unga laini juu ya ngano hiyo, kisha wakaizungusha kwa viganja hadi ikawa vipunje kama vya uwele. Mwaka 2020 nchi hizo nne zilikwenda pamoja UNESCO, na kuskusi ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Kwa nchi ambazo mambo mengi hazielewani, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, ngano si sharti. Wapo wanaotumia shayiri. Senegal hutumia uwele. Kusini mwa Morocco, katika eneo la Souss, wana kuskusi ya mahindi wanayoiita baddaz, nayo ndiyo ndugu wa karibu wa hii yetu. Cote d'Ivoire wana attiéké ya mihogo iliyovundikwa, na hiyo nayo iliingia katika orodha ya UNESCO Desemba 2024. Kwa hiyo mtu wa Ryansoro anayepika kuskusi ya mahindi hajazua jambo jipya. Amejiunga tu na msafara uliokwisha kuanza.

Jambo la maana zaidi katika chakula hiki, kwa maoni yangu, si kipunje bali ni sufuria. Kuskusi hupikwa kwa sufuria ya ghorofa mbili. Chini kuna mchuzi wa mboga, juu kuna chombo chenye matundu kama chujio. Mchuzi unachemka, mvuke unapanda, nafaka inaiva kwa mvuke ule. Moto ni mmoja, vyakula viwili vinaiva kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo mama yeyote wa vilima hivi anapotega sikio. Kuni za mikaratusi hazipatikani bure, na mkaa ndio kabisa. Maharage hula kuni nusu siku, na yakishaiva bado unatakiwa uwashe tena kwa ajili ya ugali. Nimefundisha watoto waliochelewa shule kwa sababu walitumwa kuni alfajiri, na waliotumwa zaidi walikuwa wasichana.

Aliyetuletea

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoa wa Tabora, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa 1972. Huko ndiko nilikosomea, kwa Kiswahili na baadaye kwa Kiingereza, na mahindi tuliyolima ndiyo yaliyolipa daftari zangu. Mume wangu ni mtu wa Ryansoro. Yeye, mama yake na dada yake walivuka mpaka Oktoba 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, wakaishi katika kambi za Kibondo. Tuliporudi Burundi 2009 nilikuja nikiwa mkaza mwana wa kilima ambacho sikuwahi kukiona, nikiwa na Kirundi cha kubahatisha na Kiswahili cha Tabora.

Wenzangu mnaojua habari hiyo hamhitaji maelezo marefu. Unaitwa Mtanzania dukani, unaitwa Mtanzania kisimani, na mtoto wako akilia kwa Kiswahili watu wanageuka. Shamba tuligawana na familia tuliyoikuta ikililima, tukawa majirani wa mfereji mmoja. Tuligawana bila kelele, lakini pia bila kukaribishana chakula.

Dada ya mume wangu hakurudi pamoja nasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alipata njia ya kwenda Uholanzi, akaishia katika mji wa Utrecht, akifanya kazi ya kutunza wazee. Alipokuja kututembelea Julai 2023, mzigo wake ulikuwa na viatu vya watoto, dawa za meno, na pakiti nne za kuskusi. Nikamuuliza, "Wifi, hiki ndicho Waholanzi wanachokula?" Akacheka. Kumbe alifundishwa na jirani yake wa ghorofa ya juu, mama wa Kimorocco.

Hilo lina historia yake. Mwaka 1969 Uholanzi ilitia saini mkataba na Morocco wa kuchukua wafanyakazi kwa ajili ya viwanda vyake. Wanaume wale walidhani wangekaa miaka michache tu na kurudi, kama wazazi wetu walivyodhani. Badala yake wake zao waliwafuata, watoto wakazaliwa huko, na leo miji kama Utrecht, Amsterdam na Rotterdam ina maduka ya Wamorocco kila mtaa. Ijumaa baada ya sala familia hupika kuskusi, na jirani hupelekewa sahani. Wifi yangu alipelekewa sahani akiwa mgeni asiyejua mtu. Aliniambia kwamba katika miaka yake ya kwanza Ulaya hapakuwa na mtu mwingine aliyegonga mlango wake akiwa ameshika chakula.

Zile pakiti nne ziliisha kwa wiki mbili. Baada ya hapo lilikuja swali, tutapata wapi nyingine? Madukani Bujumbura zipo, lakini kwa bei ambayo mwalimu hawezi kuitamka mbele ya mumewe. Ndipo shemeji yangu mmoja anayefanya biashara Kobero aliposema, "Kama shida ni punje ndogo, si nitawaletea chenga?"

Karoti za Leiden

Sasa Uholanzi inaingia wapi? Inaingia kwa karoti, kitunguu, kiazi na kungumanga.

Waholanzi wana chakula chao cha kale kinachoitwa hutspot. Ni karoti, vitunguu na viazi vilivyochemshwa pamoja kisha vikapondwa kwa siagi. Kinaliwa hasa tarehe 3 Oktoba katika mji wa Leiden, na sababu yake ni vita. Mwaka 1574 jeshi la Hispania lilikuwa limeuzingira mji huo kwa miezi mingi, na watu walikuwa wakifa kwa njaa na maradhi. Waholanzi wakavunja kingo za maji, nchi ikafurika, mashua zao zikasogea, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba Wahispania wakakimbia. Inasimuliwa kwamba kijana mmoja alitoka kwenda kwenye kambi yao akakuta chungu kimeachwa na chakula ndani, mchanganyiko wa nyama na mboga. Wakati huo viazi vilikuwa havijafika Uholanzi, kwa hiyo walichokula hakikuwa hiki cha leo. Lakini hadi sasa, kila mwaka siku hiyo, watu wa Leiden wanakula hutspot, na samaki aina ya heringi kwa mkate mweupe.

Niliisimulia hadithi hiyo darasani. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, na aliyepika kile chungu alikula nini siku hiyo?" Nimefundisha zaidi ya miaka 20, na swali hilo naliweka miongoni mwa maswali bora niliyowahi kuulizwa.

Jioni wifi alirudia kisa kile kile nyumbani, jikoni, kwa Kirundi. Aliyekuwepo ni shangazi wa mume wangu, mama mzee ambaye hakutoka Ryansoro 1972 wala 1993. Tangu tulipoanza kupepeta chenga alikuwa amekaa kwenye kigoda akituangalia kama watu waliorukwa na akili. Alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake, kwamba hicho ni chakula cha kuku.

Aliposikia habari ya chungu kilichoachwa, alikaa kimya kidogo. Marehemu mama mkwe wangu alikuwa akisimulia mara nyingi kwamba siku walipokimbia waliacha maharage motoni, na kwamba njia nzima hadi mpakani alikuwa akiyafikiria maharage yale kuliko nyumba. Shangazi akasema, "Niliyaepua mimi. Walikuwepo watoto sita wamejificha kwangu, wa huku na wa huku. Niliwalisha." Kisha akauliza kama mvuke umeanza kutoka au bado.

Mume wangu alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwuliza shangazi watoto wale walikuwa wa nani. Mmoja wao, tulikuja kujua baadaye, ni baba wa ile familia ya ng'ambo ya mfereji.

Namna ya kuipika

Kipimo hiki kinatosha watu wanane wa kawaida, au watano wa Ryansoro.

Chukua kilo moja ya chenga za mahindi. Zichekeche mara mbili, kwanza kwa chekeche la unga ili unga wote uondoke, kisha kwa lenye matundu makubwa ili punje kubwa zibaki juu. Unazozitaka ni zile za katikati, zinazolingana na punje za sukari ya kawaida au kubwa kidogo. Zikipishana sana ukubwa, nyingine zitaiva na nyingine zitabaki kuwa mchanga mdomoni. Zioshe haraka, zichuje, zitandaze kwenye ungo au sinia. Nyunyiza kikombe cha maji, chumvi na vijiko viwili vya mafuta, kisha sugua kwa viganja hadi kila punje ishike mafuta. Ziache nusu saa zinywe maji.

Chombo cha mvuke hakinunuliwi. Tafuta sufuria kuukuu itakayokaa juu ya ile ya mchuzi bila kuzama, mpe fundi aitoboe kitako kwa msumari mwembamba, matundu mengi yaliyokaribiana. Tandika kitambaa safi cheupe ndani yake ili chenga zisidondoke. Pale sufuria mbili zinapokutana, zungushia utepe wa kitambaa uliochovywa katika uji mzito wa unga. Uji ule ukikauka unaziba, na mvuke wote unalazimika kupita kwenye nafaka. Wamorocco wenyewe hufanya hivyo. Mvuke ukitoroka pembeni, hata ukipika hadi usiku nafaka haitaiva.

Katika sufuria ya chini kaanga vitunguu viwili kwa mawese au mafuta mengine, weka nyanya mbili tatu, kisha maharage uliyoyaloweka tangu jana na kuyachemsha hadi kukaribia kuiva. Jirani wa wifi hutumia dengu kubwa zile za njano, lakini kwetu ni maharage, na sioni hasara yoyote. Maji yasizidi nusu ya sufuria, maana yakichemka na kugusa chombo cha juu utakuwa umepika uji.

Chenga za mahindi hutaka mivuke mitatu, na mboga nazo huingia kwa zamu tatu. Hapo ndipo uzuri wa kazi hii ulipo, kwa sababu huhitaji saa.

Mvuke wa kwanza: chini weka karoti sita zilizokatwa vipande vikubwa na vitunguu viwili vizima, juu weka chenga. Usifunike. Ukiona mvuke unatoka juu kwa nguvu, hesabu dakika 20 hadi 25. Toa chenga, zimwage kwenye sinia, vunja madonge kwa mwiko, nyunyiza kikombe cha maji ya chumvi, acha zipoe kidogo, sugua tena kwa mikono.

Mvuke wa pili: chini ongeza viazi mviringo sita na kipande cha boga, juu rudisha chenga. Dakika zile zile. Toa, vunja, nyunyiza maji tena. Sasa utaona punje zimevimba na kuwa laini.

Mvuke wa tatu: chini weka nusu ya kabichi na konzi la lengalenga, ule mchicha wetu. Ukiwa na pilipili mbuzi, iweke nzima bila kuipasua. Mvuke huu ukiisha, kuskusi iko tayari. Punje zinatakiwa ziachane zenyewe ukizichota kwa mkono.

Hadi hapo umepika kama mama wa Souss. Sasa geuka Mholanzi. Opoa karoti, viazi na vile vitunguu viwili, uviponde kwa mwiko kwenye bakuli, lakini visiwe laini kama chakula cha mtoto. Tia kijiko kikubwa cha samli au siagi na pilipili manga. Kisha kwaruza kungumanga juu yake. Mimi hutumia kipande cha bati la kopo la mafuta nililolitoboa kwa msumari, ufundi ambao kila aliyepita kambini anao.

Panga kuskusi kwenye sinia kama mlima, toboa katikati, jaza mseto ule wa rangi ya machungwa, na umwagie maharage, kabichi na mchuzi pembeni. Wifi huongeza haradali, nami husema hapana. Ukibahatika kupata jibini ya Masisi, ile ya Kivu Kaskazini ambayo wamisionari wa Kibelgiji walifundisha kuitengeneza na ambayo inakaribiana sana na Gouda ya Waholanzi, ikwaruzie juu kidogo. Usipoipata hujakosa kitu.

Kungumanga na damu yake

Waholanzi hutia kungumanga karibu kila penye mboga iliyochemshwa: koliflawa, maharage mabichi, spinachi, viazi vya kuponda. Sisi wa Kiswahili tunaijua kwenye chai, kahawa, kaimati na uji wa mzazi. Kuitia kwenye karoti za kuponda kulinishangaza, na nikiri kwamba kumenishinda, siku hizi siwezi kula karoti bila hiyo.

Lakini mwalimu hawezi kuacha kusema ilikotoka. Zamani mti wa kungumanga ulimea katika visiwa vidogo vya Banda tu, ambavyo leo ni sehemu ya Indonesia. Mwaka 1621 kampuni ya Waholanzi ya biashara ya mashariki, ikiongozwa na Jan Pieterszoon Coen, iliviteka visiwa hivyo ili iuze kungumanga peke yake duniani. Wenyeji wengi mno waliuawa, wengine wakafa kwa njaa milimani, wengine wakachukuliwa utumwa, na mashamba yakagawiwa Waholanzi. Harufu ile tamu ya jikoni Utrecht ilianzia huko. Wifi yangu anasema shuleni kwa watoto wake habari hizo zilikuwa zikipitwa haraka, na kwamba ni katika miaka ya karibuni tu ndipo zimeanza kuzungumzwa kwa sauti.

Ya kwetu haitoki Banda. Inatoka Zanzibar, inapita Dar es Salaam, inafika Ngara, inavuka Kabanga na Kobero mfukoni mwa mtu. Na hapa nawaambia wafanyabiashara: kungumanga ni mzigo mwepesi usiooza haraka ukihifadhiwa pakavu, na tunda moja zima huuzwa kwa bei nzuri kuliko unga wake, kwa sababu harufu ya unga hupotea upesi. Nunua matunda mazima, yatikise, na lililotobolewa na wadudu liache. Ganda lake jekundu, yaani basibasi, nalo lina soko lake.

Kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Kimarekani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu wa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mama mwenye gunia mbili ana haki ya kuuliza cheti hicho kama mwenye lori. Wengi hawaulizi, wanapita njia za panya, wanapoteza mzigo. Kuskusi ya pakiti iliyotoka Ulaya haiingii katika mlango huo, lakini mahindi ya Kagera na kungumanga ya Unguja ni mazao ya Jumuiya.

Onyo moja: kungumanga ni kiungo, si mboga. Robo ya tunda kwa sinia zima inatosha na kubaki. Ikizidi sana humlevya mtu, ikamtia kichefuchefu na moyo kwenda mbio, na mtoto huathirika haraka zaidi.

Onyo la pili ni la chenga zenyewe. Kwa kuwa zilizoeleka kuwa za kuku, wengine huzirundika kwenye sakafu yenye unyevu. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, sumu isiyoondoka kwa kupika. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo huko Dodoma na Manyara. Chenga zenye harufu ya uvundo au madoa ya kijani zisipewe mtu, na kusema kweli wala kuku zisipewe. Mwenye mashine anayetaka kuuza chenga kwa walaji azianike siku hiyo hiyo na azipandishe juu ya mbao. Ninavyoona, hapo bei itapanda, na gunia la pili litaacha kuwa takataka.

Sahani ya mtoto

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2016-2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano Burundi walikuwa wamedumaa. Mwalimu haihitaji karatasi ili kulijua hilo. Unamwona mtoto wa miaka 12 ambaye kimo chake ni cha miaka minane, na unaona pia jinsi usingizi unavyomchukua saa nne asubuhi.

Sidai kwamba kuskusi itaondoa udumavu. Ninachosema ni kwamba mahindi na maharage katika sahani moja hukamilishana, kile ambacho protini ya hili inakosa protini ya lile inacho. Karoti, boga na lengalenga zina vitamini A, na mwili huichukua vizuri panapokuwa na mafuta. Ugali mkavu kwa chumvi, ambao ndio mlo wa watoto wengi mwezi wa njaa kabla ya mavuno, hauna hayo. Na mama atakayepika vyote hivyo kwa fungu moja la kuni ana uwezekano mkubwa wa kurudia kesho kuliko atakayehitaji mafungu mawili.

Katika miaka ya uhaba wa petroli, 2023 na 2024, magari yalipokuwa yakilala kwenye foleni na bei ya kila kitu kupanda, shemeji alikuwa akileta chenga kwa baiskeli za kupokezana. Tulizigawa vikombe kwa vikombe. Familia ya ng'ambo ya mfereji ilikuja kuazima sufuria ya matundu, mara ya kwanza kwa aibu, mara ya tatu bila hata kubisha hodi. Sasa wamejitobolea yao. Wao huweka ndagala badala ya maharage, na mimi nasema ndagala hushinda mseto wa karoti, lakini mke wa nyumba hiyo hataki kusikia.

Shangazi alianza kula siku ya nne. Alichota kwa mkono, si kwa kijiko, akafinyanga tonge dogo kwa vidole kama anavyofanya ugali, na punje zikamtawanyikia kwenye kanga. Alisema hicho chakula kinamkimbia. Kisha akaomba kingine, chenye mchuzi zaidi.

Mabaki yakilala usiku msiyatupe. Asubuhi yavunjevunje kwenye bakuli, mwagia maziwa ya mgando yaliyopoa, ongeza sukari kidogo ukipenda. Morocco nako huila hivyo hivyo siku za joto. Mtoto akila bakuli hilo saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kupanda kilima kwenda shule, saa nne hasinzii.